"Roho atanipa palepale" na mengine tunayodanganyana kuhusu mahubiri

Jamani wahubiri wenzangu leo naomba tuambizane ukweli mana mimi nimeshachoka. Kazi yangu ni kuwafundisha wainjilisti na wazee wa kanisa kuandaa mahubiri, hapa Unguja na mara mbili tatu kwa mwaka navuka kwenda Pemba, na kila semina, yani kila semina, sijafungua hata daftari kuna mtu keshanyanyua mkono: "Mwalimu, mimi huwa siandai. Nikiandaa upako unakata, Roho ananipa palepale madhabahuni." Na wenzake wanaitikia amina! Juzi nimeisikia tena, na safari hii Jumapili yake nikaenda nikakaa benchi la nyuma nimsikilize mwenyewe.

Alisoma Zaburi 81:10, "Fumbua sana kinywa chako, nami nitakijaza", akafunga Biblia. Akaanza na Nuhu, akaingia kwa Danieli kwenye tundu la simba, akarudi nyuma kwa Yusufu, ikaja habari ya jirani yake waliyenuniana, ikaja sadaka, dakika hamsini na tano. Tulipotoka nje bibi mmoja, Biblia yake kaifunga kwa kipande cha kanga, akamshika mkono kwa upole kabisa akamuuliza, "Mwanangu, leo tumesoma wapi vile? Nataka nikairudie nyumbani." Yule mtumishi akanyamaza, kisha akasema, "Zaburi, bibi." Zaburi ya ngapi hakuikumbuka. Bibi kaondoka na njaa yake, na mimi mpaka leo lile swali linaniuma kuliko mahubiri yenyewe.

Tuanze na mstari wake huo huo. Isome Zaburi 81 yote, haifiki hata dakika tatu. Mungu anawakumbusha Israeli alivyowapandisha kutoka Misri, anasikitika kwamba watu wake hawakumsikiliza, na anamalizia mstari wa 16 kwa kutaja ngano na asali. Kinywa kinachofumbuliwa pale ni cha kulishwa bwana, kama kinda anavyomfumbulia mama yake, wala hakihusiani na mtu aliyepanda madhabahuni bila kusoma. Mstari wanaoutumia kukataa kujiandaa wenyewe haujaandaliwa!

Wengine wanakimbilia Marko 13:11, msitafakari kwanza mtakayosema. Haya, tusome mwanzo wa mstari huo huo, "watakapowachukua ninyi na kuwasaliti". Ni mtu aliyekamatwa, anapelekwa mabarazani, hajui atashitakiwa kwa lipi. Mathayo 10 na Luka 21 ni habari hizo hizo. Wewe Jumapili hukukamatwa na mtu, ratiba ya zamu umeipata wiki tatu kabla imebandikwa mlangoni, sasa unatumiaje ahadi ya mfungwa kufunika uvivu? Samahani kwa neno hilo lakini silirudishi.

Na hata huyo aliyekamatwa kweli, mtazame Stefano Matendo 7. Hakuandika notsi, ni kweli, ila sikiliza anavyosema: Ibrahimu, Yusufu, Musa, jangwani, hema, mpaka Sulemani na nyumba aliyoijenga, amepangilia kitu kimoja kimoja. Yale aliyasoma miaka mingi yakamkaa. Petro siku ya Pentekoste ni hivyo hivyo, anatoa Yoeli, anatoa Zaburi ya 16, anatoa ya 110, zote zinaenda kwa Yesu aliyefufuka. Yesu mwenyewe alisema Roho "atawakumbusha" (Yohana 14:26), na mtu anakumbushwa alichowahi kukisikia, ambacho hukuwahi kukisoma utakumbushwa vipi? Luka anasema wazi mwanzoni mwa kitabu chake kwamba alijitafutia habari zote kwa usahihi tangu mwanzo, na hakuna anayesema Luka hakuwa na Roho. Paulo yuko gerezani, kifo kiko mlangoni, anamwandikia Timotheo amletee joho lake "na vile vitabu, hasa vile vya ngozi". Mtume! Anasubiri kuuawa na anataka vitabu.

Halafu kuna kitu waumini wanakijua ila hawakuambieni kwa heshima. Mhubiri asiyeandaa hahubiri mapya kila Jumapili, anahubiri yale yale matano aliyoyazoea. Mkae naye miezi miwili mtaona, aya yoyote atakayosoma njia zote zinaishia kwa Danieli na simba wake.

Nikiwa Pemba huwa nawaambia hivi. Nyinyi msimu wa karafuu mnachuma vishada mchana kutwa, usiku mnafanya nini? Wanacheka, wanasema tunachambua. Watu wamekaa duara, taa katikati, vidole vimekuwa vyeusi, karafuu huku makonyo, yani vile vijiti vyake, kule, mpaka usiku mwingi. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, mvua ikitishia zinaanuliwa mbio, siku kadhaa hivyo mpaka zikauke. Hakuna anayepeleka vishada vibichi kituoni kuuza akasema Mungu atavikausha kwenye mizani. Na hatuiti kazi hiyo ukosefu wa imani. Basi na andiko linachambuliwa, neno ni hilo hilo, unatenga lililosemwa pale na ulilotamani wewe lisemwe, na hilo la pili ndio makonyo yako.

Hiyo Biblia unayoifunga baada ya mstari mmoja nayo ilitoka kwenye jasho. Edward Steere, huyo askofu aliyejenga kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, alifika Unguja 1864 akakaa na wenyeji kujifunza neno gani linabeba maana gani, akafariki 1882, na Biblia nzima kwa Kiunguja ikaja kuchapwa 1891 yeye hayupo. Tafsiri ya Union tunayosomea wengi wetu ni ya 1952. Watu wametoa umri wao ili wewe uisome kwa lugha ya mama yako, wewe huwezi kuitolea Jumatatu jioni?

Ndio, Jumatatu. Hapa mimi nina ushauri wangu na siubadilishi: Jumatatu soma mlango mzima, yani sura nzima, kwa sauti, sio kimoyomoyo, na urudie kila siku mpaka Alhamisi. Soma Union, soma na tafsiri ya Habari Njema, panapotofautiana weka alama. Nunua daftari la shule ukurasa wa kushoto uandike maswali tu, nani anasema, kwa nani, kimetokea nini kabla. Ijumaa jaribu kuandika mahubiri yako kwa sentensi moja, ikikataa kukaa kwenye sentensi moja basi bado hujaelewa, rudi kwenye mlango. Hapo hapo ndio unaomba, katikati ya kusoma, Roho hana shida na penseli.

Haya mengine nayapitia haraka.

"Sauti kubwa ndio upako." Yesu kule Nazareti alisoma chuo, yani kitabu cha kukunja, akakifunga, akaketi ndipo akafundisha (Luka 4:20), na macho yote yakamkazia. Mji Mkongwe ukuta wa kanisa na ukuta wa nyumba ya watu vinapumuliana, spika ikipigwa mpaka inakoroma jirani hasikii Injili, anasikia koo lako tu, na mtoto wake kaamka. Shusha maiki.

"Mstari mmoja unatosha." Wafilipi 4:13, nayaweza mambo yote, tumeifanya ya mitihani na biashara, wakati mstari wa 12 Paulo anazungumzia kushiba na kuona njaa. Yeremia 29:11 mnaitoa kila mwaka mpya, mstari wa 10 unasema miaka 70. Waambieni watu na hiyo sabini.

"Mahubiri marefu ndio yenye kina." Paulo mwenyewe alipoendeleza mpaka usiku wa manane kijana alianguka kutoka orofa ya tatu. Dakika ishirini na tano zinatosha ukiwa umejiandaa, na usipojiandaa hata saa nzima haitoshi.

"Asiyesoma chuo cha Biblia hawezi kuhubiri vizuri." Hapana, na hii inaniudhi upande wa pili. Petro na Yohana walionekana hawana elimu (Matendo 4:13). Mahubiri mazuri kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu yalitoka kwa mzee mmoja anayeuza samaki, darasa la saba, kakaa na mlango mmoja wa Ruthu mwezi mzima. Na ninyi mlioenda chuo, yale maneno mawili ya Kiyunani muyaache kwenye daftari, toeni maana tu.

Yule mtumishi wa Zaburi nilikaa naye siku hiyo hiyo baada ya ibada, nikamwambia yote haya kwa faragha, hakukasirika. Jumatano kanitumia WhatsApp picha ya daftari, Luka 15, ukurasa wa kushoto umejaa. Swali la nne limepigiwa mstari: "Mwalimu, mstari wa 8, huyu mama kawasha taa kafagia nyumba nzima kwa shilingi moja? Shilingi moja leo hata mtoto haiokoti." Nikamjibu kwamba hiyo ni drakma, sarafu ya Kiyunani, karibu ujira wa kibarua wa siku nzima, na alikuwa nazo kumi tu. Akakaa kimya kama dakika kumi hivi, afu akaandika, "Basi Jumapili naanza na bibi, nimuulize siku aliyopoteza pesa ya kula ilikuwaje."