Msamaha wa tozo ya ziada kwa laini binafsi za simu nchini Marekani

Ninapokagua ankara za simu za kampuni zenye ofisi katika majimbo kadhaa ya Marekani, hutafuta kwanza tozo ya ziada ya laini binafsi, yaani laini ya kukodi inayounganisha sehemu mbili moja kwa moja; tozo hiyo ni dola 25 kwa mwezi kwa kila ncha ya laini. Laini ya kukodi inayounganisha ofisi ya New York na ya Chicago ina ncha mbili, kwa hiyo tozo hiyo pekee hufikia dola 600 kwa mwaka, na wako wateja wanaoilipa ilhali wanastahili kusamehewa.

Tozo hii ilitokana na utaratibu wa malipo ulioandaliwa na Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho wakati mfumo wa simu wa Bell, uliokuwa chini ya kampuni ya AT&T, ulipokuwa ukivunjwa, kazi iliyokamilika Januari 1984. Kampuni za masafa marefu zilitakiwa kuzilipa kampuni za simu za eneo kwa kila dakika ya kutumia mitandao yao. Laini binafsi ilikuwa na mwanya: simu iliweza kupita humo kutoka jimbo jingine au nchi ya nje, ikaingia katika swichibodi ya ofisi, kisha ikatokea kwenye laini ya kawaida hadi kwa mkazi wa mji ule, na kampuni ya eneo isipate malipo hayo ya dakika. Kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuupima uvujaji huo kwa usahihi, Tume iliweka kiwango kimoja cha makadirio.

Kwa sababu hiyo, msamaha hautegemei urefu wa laini wala mpaka inaouvuka, bali uwezo wake wa kuvujisha simu. Kanuni ya 69.115 ya Tume hiyo inaziondoa laini za teleksi, chaneli za analogi zinazosafirisha vipindi vya redio na televisheni, na laini ambazo kwa jinsi zinavyofanya kazi haziwezi kabisa kutumia mtandao wa kawaida. Inaiondoa pia laini ambayo mteja mwenyewe ameithibitishia kampuni ya simu kwamba haijaunganishwa na swichibodi wala kifaa kingine kinachoweza kuikutanisha na laini za eneo. Kusema kwamba wafanyakazi hawapitishi simu huko hakutoshi; kifaa kikiwa na uwezo huo, tozo inabaki.

Kampuni ya simu haioni kilichofungwa ndani ya ofisi ya mteja, na ndiyo maana mteja asiyetoa tamko la uthibitisho huo huendelea kutozwa. Naona si haki kumwachia mzigo huu mtu ambaye pengine hajawahi kuisikia kanuni yenyewe. Swali la kama laini itaunganishwa na kifaa cha namna hiyo lingepaswa kuulizwa siku laini inapoagizwa.

Tamko hili lisichanganywe na lile la Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni za simu huuchangia kutokana na mapato ya huduma zinazovuka majimbo. Huko, laini inayobeba mawasiliano ya ndani ya jimbo pamoja na ya kuvuka majimbo huhesabiwa kuwa ya kuvuka majimbo pale tu yale ya kuvuka majimbo yanapozidi asilimia 10, kwa kufuata uamuzi wa Tume wa mwaka 1989.

Nawashauri wateja wangu waandike katika tamko namba ya kila laini na anwani za ncha zake, na walipitie upya kila swichibodi inapobadilishwa, kwa kuwa laini iliyosamehewa jana inaweza kuanza kustahili tozo siku fundi anapounganisha waya mmoja.