Usimwambie "amesafiri": namna ya kumpa mtoto habari ya kifo

Kiswahili kina adabu nyingi mbele ya kifo. Mnyama hufa, binadamu hufariki, huaga dunia, hututoka, hutangulia mbele ya haki. Watu wazima wanafaidika na adabu hiyo kwa sababu wote wanajua neno limefunika nini. Mtoto wa miaka minne hajui. Yeye hulichukua neno kama lilivyo, akaenda nalo.

Ukimwambia baba "amelala", usiku anaogopa kitanda, na mdogo wake akisinzia mchana anamtingisha aamke. Ukisema "amesafiri", anasubiri. Kila basi likisimama njia panda anachungulia, na baada ya wiki kadhaa subira inageuka hasira: baba gani huyu asiyepiga hata simu? "Ameaga dunia" nayo ina tatizo lake, maana mtoto anajua kuaga: ni kile anachofanya asubuhi akienda chekechea, na saa sita yuko nyumbani. "Tumempoteza" inamfanya ashangae kwa nini hakuna anayekwenda kutafuta. Ile ninayoiogopa kuliko zote ni "Mungu amempenda zaidi". Mtoto hutoa humo moja kati ya mawili: kwamba Mungu ni mwizi wa wazazi, au kwamba kuwa mwema sana ni hatari, kwa kuwa wema ndio wanaochukuliwa. "Ametangulia" ikitumika peke yake inaweza kumpa hamu ya kufuata.

Hata "kufariki" halimsaidii likiachwa hivyo hivyo. Asili yake ni Kiarabu, kutengana, na mtoto mdogo hajawahi kuliona likifanya kazi mahali pengine. Najua "amekufa" linawakereketa wazee. Basi ninapendekeza yote mawili kwa pamoja, mara moja tu: "Mama amefariki. Kufariki ni kufa." Hapo mtoto anapata neno analolielewa, pamoja na lile atakalolisikia kila dakika chini ya turubai.

Ili aelewe kifo, kuna mambo manne ya kushika: aliyekufa harudi, mwili wake umeacha kazi zote, hausikii njaa, baridi wala maumivu, kila kilicho hai hufa siku moja, na kifo kina sababu yake katika mwili, hakiletwi na maneno wala mawazo ya mtu. Mwaka 1948 Maria Nagy alichapisha uchunguzi wake kwa watoto wa Hungaria, akaona kwamba wa miaka 3 hadi 5 huona kifo kama usingizi au safari. Speece na Brent walipopitia tafiti nyingi mwaka 1984 walikuta watoto wengi huyashika yale matatu ya kwanza kati ya miaka 5 na 7. Mtoto wa miaka minne, kwa hiyo, ataambiwa leo kwamba mama harudi, atakubali kwa kichwa, na kesho atauliza mama anarudi lini. Anahakikisha tu kama jibu bado ni lile lile. Mpe lile lile, kwa maneno yale yale.

Mtoto wa shamba ana nafuu kidogo, ameshaona kifaranga kikifa. Mkumbushe hicho kifaranga, au paka. Usitumie kuku aliyechinjwa, kwani kuku wa kitoweo ana aliyeshika kisu, na swali litakalofuata ni nani amemchinja mama.

Sasa nani aseme, na lini. Aseme mtu ambaye mtoto amemzoea kila siku na atakayekuwepo kesho na keshokutwa: mzazi aliyebaki, bibi, mama mdogo anayeishi naye. Mzee wa ukoo aliyeshuka kwenye basi leo, hata awe na hekima ya namna gani, siye. Kama mzazi aliyebaki amezidiwa, akae pembeni amshike mtoto mkono huku mwingine akisema. Wakati ni mapema iwezekanavyo, kabla viti vya kukodi havijashushwa na kabla picha ya marehemu haijasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kumpeleka kwa jirani "mpaka mambo yatulie" ndilo kosa la kawaida kabisa. Huko atasikia vilio vikivuka ukuta, ataambiwa na mtoto mwenzake, na atajifunza kwamba wakubwa wa kwao hawasemi kweli. Kama ndugu wako watatu wa umri tofauti, waambieni pamoja, halafu kila mmoja apewe muda wake.

Tafuta chumba chenye mlango. Zima simu. Keti au chuchumaa macho yenu yawe sawa, kisha sema kwa sentensi fupi:

"Mwanangu, njoo ukae karibu yangu. Nina habari ya kusikitisha sana." Nyamaza kwa pumzi mbili, mwili wake unajiandaa. "Unajua mama alikuwa anaumwa, akalazwa. Alikuwa na saratani. Madaktari wamempa dawa, lakini ugonjwa ulikuwa mkubwa kuliko dawa. Mama amefariki leo alfajiri. Kufariki ni kufa. Moyo wake umeacha kupiga, hapumui tena, haumwi popote. Hawezi kuamka wala kurudi nyumbani. Si kosa lako, wala la mtu yeyote hapa. Mimi niko nawe."

Haizidi dakika moja. Baada ya hapo funga mdomo. Anaweza kulia, anaweza kukutazama tu, anaweza kuuliza kama leo kuna maandazi kisha akatoka kucheza mpira. Wakubwa huona mpira huo wakasema "huyu bado hajaelewa", wakamwita wamwambie tena, safari hii kwa kilio, hadi alie. Mwacheni. Mtoto huomboleza kwa vipande: dakika tano za majonzi, saa mbili za mpira, kisha jioni anang'ang'ania kanga ya mama. Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba hata mtu mzima huyumba hivyo, mara kwenye uchungu, mara kwenye maisha yanayoendelea. Zile hatua tano za majonzi za daktari Elisabeth Kübler-Ross mnazozisikia kila mahali alizitoa mwaka 1969 kwa wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Msimpimie mtoto majonzi yake kwa ngazi hizo.

Turudi kwenye maneno yale, kuna mawili ya kuangalia. Ugonjwa utajwe jina. Ukisema "aliumwa akafa", mafua ya wiki ijayo yatakuwa hukumu. Kama jina lenyewe ni siri ya familia, kama ilivyo mara nyingi kwa VVU, usibuni jingine. Sema ugonjwa ulimaliza nguvu za mwili kujilinda, na jina lije atakapokua kidogo. Vivyo hivyo kwa aliyejiua: sema alikuwa na ugonjwa wa akili uliomfanya aumize mwili wake hadi akafa, bila kueleza alivyofanya. La pili, usiunganishe hospitali na kifo moja kwa moja. "Alikwenda hospitali akafa" itawagharimu siku ya chanjo.

Maswali yatakuja leo au mwezi ujao, na mengi yana matatu ndani yake. Ni mimi niliyesababisha? Alimkasirikia mama juzi, akatamka "sikutaki", na katika umri huo tamko lina nguvu kama panga. Asipouliza, mjibu tu. Na mimi nitakufa, na wewe je? Usiahidi kwamba hutakufa. Sema watu wengi huishi mpaka wazeeke, na kwamba hivi sasa una afya. La tatu huonekana dogo nalo ndilo kubwa: nani atanipeleka shule, nani atanisuka, nani atanipikia uji? Hapo taja majina na siku. "Jumatatu shangazi atakupeleka." Kumwambia "usijali, tupo wengi" hakumjibu kitu.

Lugha yetu inaleta utata mwingine ambao vitabu vya kigeni haviutaji. Mtoto wa Kiswahili ana baba wengi na mama wengi: baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa, mama mdogo, na nyumbani wengi huitwa "mama" tu. Ukisema "mama amefariki", mdogo wa miaka mitatu anaweza kumtazama mama mdogo aliyesimama pale hai na asielewe kitu. Sema "mama yako aliyekuzaa" au jina analoitwa mtaani. Baadaye, kwenye kikao cha ukoo, mzee atasimama amwonyeshe mjomba au baba mdogo: "Kuanzia leo huyu ndiye baba yako." Nia yake ni ulinzi, na ulinzi huo ni wa kweli. Lakini mtoto anasikia kwamba baba amebadilishwa kama balbu. Afadhali mzee aseme "baba yako amefariki, na baba mdogo atakutunza". Na kijana wa miaka kumi aliyepigwa bega akaambiwa "jikaze, sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii", mtafuteni baadaye mmuondolee huo mzigo waziwazi.

Kuhusu mazishi, msimamo wangu ni kwamba mtoto wa kuanzia miaka minne hivi aulizwe anataka kwenda au la, baada ya kuelezwa atakachoona. Kumuuliza bila kumweleza ni sawa na kutomuuliza. Kama kutakuwa na kuaga mwili, mwambie: jeneza litakuwa wazi, mama atakuwa amelazwa, macho yamefumbwa, rangi imebadilika kidogo, pengine ana pamba puani, na ukimgusa ni wa baridi. Watu watalia kwa sauti, wengine wataanguka. Ni huzuni, hawaumizwi na mtu. Asilazimishwe kubusu wala asinyanyuliwe kwa nguvu juu ya jeneza. Mpangie mtu mzima mmoja, asiyekuwa mfiwa wa karibu, ambaye kazi yake siku hiyo ni huyo mtoto peke yake na yuko tayari kutoka naye wakati wowote. Bila huyo mtu mpango wote huvunjika, maana mzazi aliyebaki hawezi kuwa mfiwa na mlezi saa ile ile.

Kwa Waislamu mambo huenda haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, na sehemu nyingi za pwani wanawake na watoto wa kike hubaki nyumbani. Binti aelezwe kinachofanyika huko: baba ameoshwa, amevikwa sanda, ameswaliwa, amewekwa kwenye mwanandani, ile nafasi iliyochimbwa ndani ya kaburi, amefunikwa. Apelekwe kuona kaburi siku nyingine ikiwezekana. Na kuna jambo dogo ambalo wakubwa hawalifikirii: jeneza la msikiti hurudi tupu. Mtoto aliyeona baba akibebwa ndani yake, kisha akaliona limeegeshwa msikitini halina mtu, ana sababu nzuri ya kuamini kwamba baba ametoka. Mwambie mapema kwamba lile ni la kubebea tu. Eda nayo ielezwe, kwamba mama atakaa ndani miezi 4 na siku 10 kwa ajili ya baba, na haumwi.

Dini ina nafasi yake, lakini kwa mdogo anza na mwili. Akishajua kwamba mwili haufanyi kazi na umezikwa, unaweza kumwambia mnachoamini juu ya roho. Ukianza na mbinguni, atauliza kwa nini mtu wa mbinguni ametiwa ardhini.

Wiki za mwanzo tarajieni kukojoa kitandani, tumbo linalouma bila homa, kung'ang'ania nguo ya mzazi, michezo ya kuzika wanasesere. Msimkataze hiyo michezo. Mrudisheni shule mapema, ndani ya wiki moja au mbili, na mwalimu wa darasa aambiwe kabla, asije akamwambia mbele ya wenzake amlete mzazi.

Matanga yakishaanuliwa watu huhesabu yamekwisha, na arobaini ikipita hakuna anayeuliza tena. Phyllis Silverman na William Worden waliwafuatilia watoto 125 wa familia 70 za Boston kwa miaka miwili baada ya kufiwa na mzazi. Shida kubwa zilionekana zaidi mwaka wa pili kuliko mwaka wa kwanza, na kilichoamua hali ya mtoto kuliko vyote ni jinsi mzazi aliyebaki alivyokuwa akimudu maisha. Basi anayetaka kumsaidia yatima ampikie mjane, na arudi tena miezi kumi na minane baadaye. Madaktari wa afya ya akili hawaiti majonzi ugonjwa kabla ya miezi 6 kwa mtoto. Baada ya hapo, kama bado anatamani marehemu karibu kila siku kiasi cha kushindwa kusoma na kucheza, apelekwe kliniki ya afya ya akili au kwa ofisa ustawi wa jamii. Akisema anataka kumfuata mama na anajua atakavyofanya, msisubiri hata siku moja. Namba 116 ni ya simu ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya pia, na haikati salio.

Kumbukumbu zikusanywe mapema kabla ndugu hawajagawana vitu. Uganda, miaka ya 1990, akina mama wanaoishi na VVU wa chama cha NACWOLA waliandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao wakiwa bado hai: ulizaliwa wapi, bibi yako alitoka kijiji gani, ulikuwa unapenda kula nini. Mgonjwa anayejua anaondoka anaweza kufanya hivyo kwa daftari la kurasa 48. Asipokuwepo tena, tafuteni boksi la viatu: picha tatu au nne zenye majina na tarehe nyuma, kitambulisho, kitu alichokishika kila siku kama miwani au tasbihi. Ujumbe wake wa sauti uhamishwe kwenye simu nyingine au kadi ya kumbukumbu, kwa kuwa simu ya marehemu hupewa binamu, ikafutwa, na laini isiyotumika hufungwa. Kanga au shati la mwisho alilovaa akiwa mzima lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, hewa itolewe, mdomo ukazwe. Harufu hukaa humo miezi kadhaa. Lisifuliwe.