Uchovu wa rubani maana yake nini?

Mtu akisema "nimechoka" huenda anazungumzia miguu, mgongo, au maneno ya watu. Kwenye urubani neno hilo limebanwa zaidi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linaueleza uchovu kuwa hali ya mwili inayopunguza uwezo wa mtu kufikiri au kutenda, inayoletwa na kukosa usingizi, kukaa macho muda mrefu, saa ya mwili au uzito wa kazi. Uvivu haumo katika maelezo hayo, wala ulegevu wa moyo. Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi wanaotamani kurusha ndege hudhani kukesha ni ushujaa.

Saa ya mwili ndiyo inayosahaulika zaidi. Kuanzia saa 8 usiku hadi karibu saa 12 alfajiri mwili wa binadamu hushuka chini kabisa: joto lake hupungua na umakini hufifia, hata kama mtu alilala mchana. Rubani wa safari za usiku anatua ndege katika saa hizohizo. Ubaya wa uchovu ni kwamba hudhoofisha kwanza ile akili ambayo ingekuambia umechoka. Unasikia maagizo ya mwongoza ndege na kuyasahau papo hapo. Unakodolea macho kipimo kimoja mbele yako na kuviacha vingine. Kosa dogo ambalo ungelirekebisha mara moja, unaliacha lipite.

Tarehe 22 Mei 2010 ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai ilipitiliza mwisho wa njia ya kurukia ilipokuwa ikitua mjini Mangalore, India. Watu 166 walikuwemo, 158 walikufa. Kinasa sauti kilionyesha kuwa nahodha alilala angani kwa zaidi ya saa moja na nusu. Aliamka, lakini wachunguzi walisema mang'amung'amu ya usingizi yalichangia uamuzi wake mbaya: ndege ilikuwa juu mno, msaidizi wake akamwambia zaidi ya mara moja waghairi kutua, naye akaendelea. Kwa hiyo hata kulala kwenyewe kuna namna yake. Mashirika yanayoruhusu rubani mmoja kupumzika kitini huku mwenzake akirusha huweka kikomo kifupi, kwa kawaida kama dakika 40, kisha humpa muda wa kuzinduka kabla hajashika kazi tena.

Cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho kila rubani wa ndege za abiria lazima awe nacho, kwa aliye chini ya miaka 40 kwa kawaida hudumu miezi 12. Daktari hupima macho, masikio, moyo. Hawezi kujua usiku wa jana ulilala saa ngapi. Hapo unabaki wewe na tabia zako, na tabia hizo hujengwa chuoni.

Lala na kuamka kwa saa zinazofanana kadiri ratiba inavyoruhusu, chumba kikiwa na giza. Kahawa ya jioni iache, maana nusu ya kafeini yake huweza kuwa bado mwilini saa tano hivi tangu uinywe. Pombe huleta usingizi upesi lakini huukatakata usiku kucha, kwa hiyo kutimiza saa ambazo sheria humtaka rubani asubiri tangu glasi ya mwisho kabla ya kuruka hakumaanishi umepumzika. Mazoezi na maji ya kutosha vinasaidia, ila havilipi deni la usingizi.

Tabia ngumu kuliko zote ni kusema. Mashirika makini yana fomu ambayo rubani huijaza kueleza kuwa uchovu haumruhusu kuruka. Mwanafunzi hana haja ya kungoja fomu hiyo: asubuhi ambayo hakulala vizuri, amwambie mkufunzi wake kabla ya kuikaribia ndege.