Uzito Kwanza, Hatua Baadaye: Kwa Mtu Mzima Anayeanza Kujifunza Dansi

Mwanafunzi mtu mzima anapoingia darasani kwangu kwa mara ya kwanza, mara nyingi huanza kujitetea hata kabla muziki haujawashwa. Huniambia kwamba viungo vyake vimeshakauka, kwamba hakuzaliwa na mdundo, na kwamba wahenga hawakukosea waliposema samaki mkunje angali mbichi. Nimewafundisha watu wazima kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nilianza nikiwa nimeshapita umri wa miaka 30, kwa hiyo nauelewa na kuuheshimu wasiwasi huo. Hata hivyo, ukavu wa viungo ni nadra kuwa ndio unaowakwamisha. Wengi hukwama kwa sababu wamekuja kutafuta hatua, ilhali jambo la kwanza wanalopaswa kujifunza ni kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine, wote, bila kubakiza.

Jaribu mwenyewe hapo ulipo. Simama wima, miguu ikiwa pamoja, kisha peleka mguu wa kulia pembeni kwa kiasi cha upana wa mabega na ukanyage. Sasa jiulize kama unaweza kuuinua mguu wa kushoto papo hapo bila kuyumba na bila kuusukuma mwili kwanza. Watu wengi hawawezi, kwa kuwa mguu wao wa kulia umefika lakini kiwiliwili bado kimebaki katikati, nusu huku na nusu kule. Katika kutembea kwa kawaida hali hiyo haitusumbui, maana tunakwenda mbele tu na miguu hupokezana bila kuulizwa. Katika dansi mwelekeo hubadilika kila baada ya mpigo mmoja au miwili, mbele, nyuma, pembeni, na mtu ambaye uzito wake umegawanyika hana mguu ulio huru kwa ajili ya hatua inayofuata. Hapo ndipo anaposimama ghafla na kusema, «Mwalimu, nimesahau mguu gani unafuata.» Hajasahau chochote. Mguu uliobeba uzito wote huuachia mwenzake nafasi ya kwenda, na mpangilio hujikumbusha wenyewe.

Kwa sababu hiyo, katika majuma mawili ya kwanza sifundishi mtindo wowote wenye jina. Tunahamisha uzito polepole sana, tukisikiliza jinsi nyayo zinavyoupokea, kuanzia ukingo wa ndani hadi unyayo mzima, na jinsi nyonga inavyokuja kukaa juu ya kifundo cha mguu. Wapo wanaochoshwa na kazi hii, na wapo waliowahi kuniacha wakaenda kwa walimu wanaotoa mfuatano mzima wa hatua katika saa ya kwanza. Nasikitika wanapoondoka, lakini sijabadili utaratibu, kwa kuwa nimewapokea wengi waliojua mifuatano 10 na bado hawawezi kucheza wimbo mmoja kwa utulivu.

Mtu mzima ana faida moja kubwa kuliko mtoto: anaelewa maelezo. Wanasaikolojia Paul Fitts na Michael Posner, katika maelezo yaliyochapishwa mwaka 1967, waliigawa safari ya kujifunza stadi za mwili katika hatua tatu. Katika hatua ya kwanza mtu hufikiri kila kitu kwa maneno. Katika ya pili hupunguza makosa na kuunganisha vipande. Katika ya tatu mwili hufanya kazi bila kusimamiwa na mawazo. Mwanafunzi anayejisemea kimoyomoyo «nyuma, pembeni, funga» yupo katika hatua ya kwanza, na anapaswa kuwa hapo. Tatizo huja anapoharakishwa, kwa sababu maneno ni mazito kuliko mipigo na hayawezi kuukimbilia muziki wa kasi. Ni afadhali afanye mazoezi ya dakika 15 kwa siku nne za juma kuliko saa nzima kwa siku moja, kisha alale vya kutosha, kwani ubongo huendelea kuimarisha kumbukumbu za miondoko wakati wa usingizi. Wengi wamewahi kuniambia kwa mshangao kwamba kilichowashinda jana jioni kimekuja chenyewe leo, na mimi hufurahi kila ninapolisikia hilo.

Muziki nao una mafunzo yake kuhusu uzito. Walsi ya polepole huhesabiwa kwa mipigo mitatu, kwa mwendo wa takriban mipigo 84 hadi 90 kwa dakika, na mpigo wa kwanza ndio unaobeba mwili. Salsa huhesabiwa kwa mipigo minane, na katika hatua yake ya msingi miguu hukanyaga katika mpigo wa 1, 2 na 3, kisha wa 5, 6 na 7, huku wa 4 na wa 8 ukiachwa bila hatua mpya. Wanaoanza karibu wote hukanyaga katika mpigo wa 4, kwa sababu kimya kinawatisha na wanadhani wamechelewa. Mimi huwaambia kwamba mpigo ule hauko mtupu, ndio wakati wa kumaliza kuhamisha uzito ambao hatua tatu zilizotangulia zimeuanzisha.

Kuhusu kioo, nina msimamo ambao walimu wenzangu wengine hawakubaliani nao: mwezi wa kwanza tunakipa mgongo. Anayejitazama huinamisha kichwa au kukipeleka upande mmoja, na kichwa ni kizito, hivyo mizani yote ya mwili hufuata huko kilikoelekea.

Mizunguko huja baadaye, na kizunguzungu kisimwogopeshe mtu. Katika kila sikio la ndani mna mifereji mitatu yenye umbo la nusu duara iliyojaa majimaji, na mwili unaposimama baada ya kuzunguka, majimaji hayo huendelea kusogea kwa muda na kuudanganya ubongo. Wachezaji hupunguza hali hiyo kwa kukazia macho sehemu moja, kuchelewesha kichwa wakati kiwiliwili kinageuka, halafu kukizungusha kichwa upesi hadi macho yapate tena sehemu ileile. Huanza na robo ya mzunguko, si mzunguko kamili.

Lipo jambo la usalama ambalo nalisisitiza kuliko yote, nalo ni goti. Viatu vya kukimbilia vyenye soli ya mpira huishika sakafu, hivyo mtu anapogeuka, unyayo hubaki ulipo na goti ndilo linalopokea msokoto ambao halikuumbiwa. Kiatu chenye soli ya ngozi laini huteleza kidogo na kuuruhusu mguu mzima ugeuke pamoja. Wanaojifunza baleti nao huumia goti kwa njia nyingine, pale wanapolazimisha vidole vya miguu kuelekea nje zaidi ya uwezo wa nyonga. Ugeuzi huo hutoka kwenye nyonga, na umbo la mifupa ya mtu mzima limeshakamilika, kwa hiyo kipimo chake ni kile alicho nacho. Ikumbukwe pia kwamba misuli hupata nguvu mapema kuliko kano, hivyo mwanafunzi anayejisikia imara katika mwezi wa pili anaweza kuiumiza kano ya kisigino kwa kuanza kurukaruka mapema.

Kisha huja siku ya kucheza na mwenzi, na hapo wengi hudhani kwamba anayeongoza husukuma na kuvuta kwa mikono. Mkono unaovuta humchanganya anayefuata, kwa sababu unampa habari tofauti na ile inayotolewa na kiwiliwili. Ndiyo maana kabla ya hatua yoyote nawasimamisha wawili wawili, wakitazamana, viganja vikigusana. Mmoja hufumba macho. Mwenzake huhamisha uzito wake kimyakimya bila kunyanyua mguu, na aliyefumba macho husema uko upande gani. Mwanzoni hubahatisha. Baada ya dakika chache mabega hutulia, pumzi hushuka, na majibu huanza kuja bila kusita. Wakijibu sawasawa mara 10 mfululizo, nawasha muziki.