Modanizimu ya Kisovieti ni nini, na kwa nini watu wanaenda Tashkent kupiga picha magorofa

Mtalii akifika Uzbekistan kwa kawaida anakimbilia Samarkand kuona madrasa za vigae vya bluu, na hana kosa, Registan, ule uwanja wa katikati uliozungukwa na madrasa tatu, ni Registan. Ila siku hizi kuna wengine wanabaki zao mji mkuu Tashkent, wanazunguka kupiga picha hoteli ya zege, soko, stesheni za treni ya chini ya ardhi na flati za watu wa kawaida. Wanachokifuata kinaitwa modanizimu ya Kisovieti, na kwa vile jina hilo limejaa kwenye matangazo ya safari bila maelezo yoyote, basi tulifafanue.

Ni ujenzi uliofanyika ndani ya Umoja wa Kisovieti kuanzia katikati ya miaka ya 1950 mpaka dola lenyewe linavunjika 1991. Hapa ndo wengi wanachanganya mambo, maana wanadhani kila jengo la Kisovieti linaingia. Ukiona nguzo nene za Kigiriki, masuke ya ngano ya plasta na mnara uliochongoka juu, hilo ni la enzi za Stalin, habari nyingine kabisa. Tashkent kwenyewe mfano upo, ukumbi wa opera wa Navoi, ramani yake ilichorwa na Aleksey Shchusev, yuleyule aliyechora kaburi la Lenin pale Moscow, ulifunguliwa 1947 na sehemu ya kazi walifanya mateka wa vita wa Kijapani. Mzuri mno, nakshi mpaka basi, lakini haumo kwenye modanizimu.

Kilichobadilisha mambo ni azimio la chama na serikali la Novemba 1955. Stalin kashafariki, Khrushchev ndo mkubwa, mijini familia kadhaa zinabanana kwenye flati moja zinashea jiko na choo, na pesa bado zinaishia kwenye nguzo na minara. Azimio likapiga marufuku mapambo ya ziada, basi. Kuanzia hapo nyumba ikawa inatoka kiwandani: ukuta mzima wa zege na tundu la dirisha lake tayari, lori linabeba, kreni inapanga, gorofa 4 au 5 hamna lifti, halafu ramani ileile inarudiwa nchi nzima kuanzia Baltiki mpaka Pasifiki. Nyumba zikapangwa kwa mitaa inayoitwa mikrorayon, yaani kundi la magorofa lenye shule yake, chekechea yake na maduka yake, mtoto anaenda shule kwa mguu bila kuvuka barabara kubwa. Mtu wa Zanzibar hapo keshapata picha, majumba ya Michenzani yametoka kwenye fikra za namna hiyo, japo waliosaidia pale walikuwa Wajerumani Mashariki.

Sasa kama ramani ni ileile kila mahali, kwa nini uende Tashkent na sio mji mwingine wowote wa Kisovieti?

Tarehe 26 Aprili 1966, saa 11 na dakika 23 alfajiri, tetemeko likapiga katikati ya mji. Kwa vipimo halikuwa kubwa hivyo, kama 5 na kitu, tatizo lilikuwa karibu sana na uso wa ardhi na chini ya mji penyewe, na nyumba nyingi zilikuwa za udongo. Idadi rasmi ya waliofariki ilikuwa ndogo lakini watu laki kadhaa walibaki hawana pa kulala. Moscow ikaligeuza janga kuwa onyesho la udugu wa jamhuri zote, mafundi wakaja kwa treni kutoka Urusi, Ukraine, Georgia na kwingineko, kila kundi na vifaa vyake, wakapewa maeneo ya kujenga. Na tuseme ukweli, wakubwa wa mipango miji walikuwa wanautamani mji mpya hata kabla ya tetemeko, mtaa wa Chilanzar ulikuwa ushaanza kujengwa, kwa hiyo pale katikati zilibomolewa na nyumba ambazo pengine zingetengenezeka.

Hapo ndo wasanifu wakakutana na jua la Asia ya Kati. Kiangazi cha Tashkent kinavuka nyuzi 40, na nyumba ya zege yenye madirisha makubwa iliyobuniwa kwa ajili ya baridi ya Urusi inakuwa tanuri, mtu anakaa ndani anaiva. Dawa ikawa kivuli. Wakaanza kuvisha majengo ngozi ya pili ya zege yenye matundu, kazi yake ni ileile ya tofali za matundu tunazoweka kwenye varanda huku pwani, upepo upite jua libaki nje, tofauti ni kwamba wao walifunika nalo jengo zima, na mchoro wake wakautoa kwenye viunzi vya madirisha ya misikiti na nyumba za zamani za Kiuzbeki. Kwa maoni yangu hicho kivuli ndo ufunguo wa kuuelewa mji. Ukisimama mbele ya jengo lolote la Tashkent la miaka hiyo angalia kwanza jua linazuiwa vipi, mengine yatakuja yenyewe.

Hoteli Uzbekistan, ya 1974, gorofa 17, imepinda katikati na mbele yote ni matundu ya zege, hiyo ndo sura inayotokea kwenye kila kadi. Kuna jumba lililofunguliwa 1970, miaka 100 tangu azaliwe Lenin, likiwa makumbusho yake, limevalishwa wavu mweupe wa marumaru, leo ni makumbusho ya historia ya Uzbekistan na Lenin kashaondoka. Soko la Chorsu ni kuba kubwa la bluu la 1980, chini nyama, juu kwenye duara matunda makavu na viungo, na linafanya kazi kweli kweli, akina mama wanabishana bei humo wala hawana habari na kamera yako. Halafu kuna Zhemchug, gorofa 16 za 1985, kazi ya mama mmoja msanifu, Odetta Aydinova, aliyejiuliza hivi watu waliozoea kuishi kuzunguka ua utawapandishaje juu wasipoteze majirani, akaweka ua wa pamoja kila baada ya gorofa tatu. Mimi nalipenda hili kuliko hoteli, sema ni makazi ya watu, usijipandishie tu kama uko makumbusho, omba ruhusa.

Ukipita mitaani angalia pia kuta za pembeni za magorofa, zile zisizo na dirisha. Nyingi zimepigwa mozaiki za maua, nyota na wanaanga, kazi ya ndugu watatu wa ukoo wa Zharsky. Zilikuwa njia ya kufanya gorofa namba 14 isifanane na gorofa namba 15, na bado zinasaidia hasa ukipotea.

Treni ya chini ya ardhi ilifunguliwa 1977, ya kwanza Asia ya Kati, na kwa kuwa ilijengwa iwe pia handaki la kujikinga na mabomu, kupiga picha ilikuwa marufuku mpaka 2018. Stesheni ya Kosmonavtlar ina picha za wanaanga wa Kisovieti Gagarin na Tereshkova kwenye vigae vya bluu vinavyozidi kukolea, na kati yao yumo Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand wa karne ya 15 aliyekuwa mtaalamu wa nyota.

Huyo Ulugh Beg ndo mahali pa kuanzia ubishi. Kuna wanaosema hizi nakshi za mashariki zilikuwa vazi tu, uamuzi unatoka Moscow, wasanifu wengi wanatoka Moscow, wenyeji wanapambiwa jengo ambalo hawakuliomba. Wengine wanajibu kwamba wasanifu wa Tashkent walifanya utafiti wao na vitu kama Zhemchug visingetokea popote pengine. Mimi naona wote wana hoja, inategemea unazungumzia jengo gani, makumbusho ya Lenin sio sawa na Zhemchug.

Wakati ubishi unaendelea mengine yanaondoka. Nyumba ya Sinema, ya mwaka 1982, ilivunjwa 2018 kupisha mradi wa Tashkent City, watu wakapiga kelele, na tangu 2021 taasisi ya serikali ya sanaa na utamaduni inafanya utafiti na kuyaandikisha majengo ya kipindi hicho kama urithi. Upande wa flati ndo pagumu, wakazi wanaziba baraza kwa vioo wapate chumba cha ziada, wanatundika AC juu ya mozaiki, na ukiwauliza wanakwambia kiangazi ni kikali na watoto wameongezeka.