Taa za dashibodi kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: gari likigoma kuwaka na taa za dashibodi zinawaka, betri ni nzima, kanunue stata (mota inayozungusha injini ili iwake). Si kweli. Taa hizo hutosheka na ampea chache. Stata hudai zaidi ya 100 kwa mkupuo. Ndiyo maana betri iliyochoka huwasha taa vizuri tu, ila ukipiga stata unasikia “ta-ta-ta” na mishale ya geji inaanguka. Hapo wengi huilaumu stata.

Safisha kwanza vichwa vya betri, ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Kisha pima kwa mita ya volti: betri iliyojaa, gari limezimwa kwa saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya 9.6 unapopiga stata, ichaji, upime tena. Ujumbe huo ukikufikia usiusambaze; utamng'olesha mwenzako stata nzima.