Raymond VI wa Toulouse hakuhukumiwa kuwa mzushi

Wengi huamini kwamba Raymond VI, mwinyi aliyetawala Toulouse, kusini mwa Ufaransa, vita vya msalaba dhidi ya Wakathari vilipoanza huko mwaka 1209, alikuwa Mkathari, yaani mfuasi wa imani iliyosema dunia hii ni kazi ya uovu. Dhana hiyo inaeleweka: alitengwa na Kanisa zaidi ya mara moja, na alipofariki mwaka 1222 alinyimwa maziko ya Kikristo.

Lakini shtaka kuu lilikuwa kwamba hakuwafukuza wazushi, yaani watu waliopinga mafundisho ya Kanisa, kama Wakathari. Angewafukuzaje? Mamlaka yalitawanyika: urithi uligawanywa kwa ndugu wengi, hata ngome ya Mirepoix ikawa na mabwana zaidi ya 30, na mji wa Toulouse wenyewe uliendeshwa na baraza lake. Juni 1209, mbele ya kanisa la Saint-Gilles, alivuliwa nguo hadi kiunoni, akaapa juu ya masalia ya watakatifu, akachapwa, kisha akasamehewa.

Ukisoma habari zake, tenganisha “mzushi” na “mlinzi wa wazushi”. Kuyachanganya hayo mawili ni kosa linalorudiwa mara nyingi. Angalia pia mwandishi alikuwa upande gani, kisha linganisha maneno yake na hati za mali ambazo mtawala huyo alizitolea nyumba za watawa.